Uzi maalumu: Manesi, wakunga na walezi wa zamu za usiku, njooni tuongee msosi na saa ya kula

Mtoa mada

Wadau habari zenu, na mlioko zamuni saa hizi poleni na kazi. Uzi huu nauelekeza kwanza kwa watu wa wodini, manesi, wakunga, wahudumu wa afya, watu wa maabara wanaokesha, pamoja na ndugu zetu wanaolea wazee na wagonjwa majumbani, wawe hapa nyumbani au huko Ulaya na Uarabuni. Mimi ni muuguzi, nimepita wodi ya wazazi, leba, sasa hivi niko magonjwa ya ndani, na kinachoniuma ni kwamba sisi ndo tunakaa kitako na mgonjwa kumwelekeza namna ya kula ili kisukari kisimmalize, alafu ukigeuka kwa wenzako wa zamu unakuta huyu kaanza dawa za presha, yule sukari inapanda, mwingine kila mara tumbo, na wote bado vijana kabisa. Sio kwamba hawajui, wanajua kuliko mtu yeyote. Shida ni ratiba, na ndo maana nataka tuijadili, maana ushauri mwingi wa lishe umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeamka saa 12 asubuhi na kulala saa 4 usiku, sisi hatumo humo.

Naanza na jambo ambalo naona hatulipi uzito, saa ya kula. Mwili una saa yake ya ndani, mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa tuzo ya Nobel ya tiba kwa kuonyesha jinsi jeni zinavyoiendesha hiyo saa ndani ya seli. Usiku mwili umejiandaa kulala, insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, haifanyi kazi vizuri kama asubuhi, kwahiyo sahani ile ile ya wali uliyokula saa 7 mchana ukiila saa 8 usiku sukari inapanda juu zaidi na inachelewa kushuka. Kuna utafiti wa Marekani ulichapishwa 2021, waliweka watu 19 maabara wakawapangia ratiba kama ya naiti, yaani zamu ya usiku, kundi moja likawa linakula usiku kama tunavyokula sisi, kundi lingine likala mchana tu. Waliokula usiku sukari yao ya damu ilipanda kwa wastani wa asilimia 6.4, waliokula mchana haikupanda kwa kiasi cha maana. Kazi ni ile ile, kukesha ni kule kule, tofauti ilikuwa saa ya kula tu. Watu 19 ni wachache najua, lakini inaendana na tunachokiona kwa macho.

Kwa nesi wa naiti hii maana yake ni kwamba mlo mkubwa uliwe kabla hujaingia kazini. Ukishaamka mchana kula, alafu jioni kabla ya kutoka nyumbani kaa chini ule chakula kamili, ugali wa dona au wali wa kiasi, maharage au samaki au dagaa, mboga za majani za kutosha, tunda. Usiseme ntakula hukohuko, hukohuko hakuna chakula, kantini imefungwa na kilichobaki ni chipsi za getini. Ukishafika wodini, kuanzia saa 6 usiku mpaka saa 12 asubuhi jitahidi usile kitu kizito. Ukihisi njaa kula kidogo, yai la kuchemsha, kipande cha kiazi kitamu, karanga kiganja kimoja, mtindi, ndizi mbivu moja, inatosha kukuvusha. Asubuhi ukirudi kula kitu chepesi kabla ya kulala, uji wa ulezi na yai hivi, sio supu na chapati tatu za stendi, maana ukilala na hilo tumbo utaamka na kiungulia na usingizi hutaupata. Na usilale na njaa pia, njaa itakuamsha saa 6 mchana ukiwa hujapumzika.

Jambo la pili soda na enaji, vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35 hadi 40. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu unayokula kwa siku, kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Sasa piga hesabu, soda moja saa 4 usiku, enaji saa 9, chai ya asubuhi vijiko vitatu, ushapita mbali sana na hujaweka chakula chochote mdomoni. Na ile enaji ya saa 9 au saa 10 alfajiri ndo mbaya kuliko zote, kafeini inachukua kama masaa matano ili nusu yake tu itoke mwilini, kwahiyo unarudi nyumbani saa 3 asubuhi unajigeuza kitandani unasema mtaa una kelele. Kahawa au chai kunywa mwanzoni mwa zamu, ikifika saa 8 usiku hivi acha, hamia kwenye maji.

Ntaendelea kwenye mambo ya maji na friji, ila kwanza tiririkeni.

Nesi wa wilayani

Mtoa mada umeongea vizuri sana lakini naomba nikwambie ukweli wa huku kwetu. Usiku tupo wawili kwa wodi nzima, na mmoja akiitwa leba unabaki peke yako, dripu zinaisha, mtoto anadegedega, ndugu wa mgonjwa wanakuita, wewe unaniambia yai la kuchemsha saa 5 usiku, hilo yai ntalila nimesimama wapi. Kuna siku naingia mpaka natoka sijaweka hata maji mdomoni na kwenda haja ndogo sijaenda.

Mtoa mada

Dada yangu pole sana na nakuelewa. Hapo umegusa kitu ambacho mimi naona ndo kiini cha mada yote. Tunaongea lishe kama vile ni nidhamu ya mtu mmoja mmoja, kumbe kwenye kazi zetu kula ni jambo la timu na la uongozi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hapa Tanzania Bara, kifungu cha 23, inasema mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo zaidi ya masaa matano apewe mapumziko ya angalau dakika 60. Ni kweli hiyohiyo sheria inaruhusu mtu kufanya kazi wakati wa mapumziko kama kazi haiwezi kuachwa bila mtu au hakuna mwingine wa kuifanya, na sisi ndo huwa tunaangukia hapo kila siku. Lakini ile iliwekwa kwa ajili ya dharura, isigeuke kuwa ndo utaratibu wa kila usiku wa mwaka mzima.

Kwenye wodi niliyopo sasa inchaji wetu, yaani mkuu wa wodi, alifanya kitu kimoja chepesi tu, wakati wa kukabidhiana zamu, mkishamaliza ripoti ya wagonjwa, mnapanga palepale nani anakula saa ngapi na nani anamshikia wagonjwa wake, inaandikwa. Mwanzoni watu waliona kama mambo ya shule ya msingi, lakini kikishaandikwa mtu anakufuata anakwambia dada muda wako umefika nenda, na unaenda bila kujiona mvivu. Dakika 20 zinatosha. Nyie mko wawili najua ni kazi, basi hata dakika kumi kumi kabla ya saa 6 usiku, kabla ya dawa za usiku wa manane. Na wodi zikiwa jirani mnaweza kuombana, nesi wa wodi ya pili anakuangalizia wagonjwa wako watulivu. Lakini hili mlipeleke kwa matroni, mkuu wa manesi, rasmi, msiliache liwe la huruma ya mtu.

Na haja ndogo usibane dada, nakuomba. Kubana mkojo usiku kucha na kukwepa maji ili usiende chooni ndo mwanzo wa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) za kila mwezi tunazozisikia kwa manesi. Weka chupa yako ya maji yenye jina lako kwenye chumba cha chai, kila ukipita meza mafunda kadhaa. Angalia rangi ya mkojo wako, ukiwa umekolea kama chai ya rangi jua mwili unalia maji.

Kijana wa emajensi

Mkuu mimi nna vidonda vya tumbo na nimeambiwa na watu wengi ni kwa sababu ya kushinda njaa kazini, mgongo pia unauma sana kunyanyua wagonjwa. Nile nini?

Mtoa mada

Kaka hapa nisikilize vizuri, maana hii imani ya njaa imeumiza watu wengi wa fani yetu. Vidonda vya tumbo kwa sehemu kubwa vinasababishwa na vitu viwili, bakteria anayeitwa H. pylori, na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni. Madaktari wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipata Nobel mwaka 2005 kwa kugundua huyo bakteria na kazi yake tumboni. Njaa inaweza kukufanya usikie maumivu ya kidonda au asidi, lakini yenyewe sio inayochimba kidonda.

Sasa swali langu kwako ni hilo la mgongo. Unameza nini? Maana najua maisha yetu, mgongo umekaza saa 9 usiku, kabati la dawa lipo hapo, mtu anameza diklofenaki mbili na chai, kesho tena, kesho kutwa tena, inakuwa mwezi. Hizo dawa zinazuia kemikali inayolinda ukuta wa tumbo, na zinafanya hivyo kupitia damu, kwahiyo hata ukimeza na chakula hatari haiondoki, kinachopungua ni ule muwasho tu. Hata sindano yake inafanya vilevile. Kapime H. pylori, kipimo cha kinyesi kipo sehemu nyingi, ukikutwa naye umeze dozi yote kama ulivyoandikiwa usiishie katikati ukiona nafuu, na hizo dawa za mgongo mwambie daktari ukweli. Ukiona kinyesi cheusi kama lami au unatapika kitu kama kahawa, hiyo ni damu, usisubiri zamu iishe.

Kwa upande wa kula, hakuna chakula kinachotibu kidonda, maziwa yanatuliza kwa muda mfupi tu. Kula kidogo kidogo, pilipili na kahawa acha kama vinakusumbua, na mlo wa mwisho uwe mapema usilale na tumbo limejaa.

Muuguzi wa Pwani ya Kenya

Hamjambo wadau, mimi niko Mombasa. Hapa kwetu shida si chipsi pekee, asubuhi mtu akitoka naiti ni mahamri na mbaazi, viazi karai, chai ya maziwa sukari imekolea, kisha analala mpaka alasiri. Mbaazi zenyewe nazipenda na ni chakula kizuri tu. Nataka kuuliza kuhusu damu, mimi nimepimwa mara kadhaa damu iko chini na mboga nakula, sukuma, mchicha, maharagwe pia.

Mtoa mada

Karibu sana dada wa Mombasa. Mbaazi usiziache hata kidogo, zina protini, zina nyuzinyuzi, punguza mahamri yawe moja, hapo umebaki na mlo mzuri. Kuhusu damu, angalia chai yako unakunywa saa ngapi. Majani ya chai yana tanini na zinashika madini ya chuma yaliyopo kwenye mboga na mbaazi hayafyonzwi vizuri, hasa ukinywa chai na chakula kwa pamoja kama tulivyozoea watu wa Pwani. Acha lipite kama saa moja kati ya chakula na chai. Alafu kwenye mboga kamulia ndimu, au kula na chungwa, embe, nyanya mbichi au pilipili hoho, vitamini C inasaidia sana chuma kuingia. Dagaa, omena mnavyoita nyie, na nyama au maini kidogo chuma chake kinaingia kirahisi zaidi, ila kama una mimba maini punguza kwa sababu ya vitamini A nyingi.

Na usiishie kwenye chakula. Hedhi nzito, minyoo, malaria za kujirudia, vyote vinashusha damu. Hapa Tanzania ule utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wana upungufu wa damu, na sisi manesi wanawake tumo humohumo. Tunawapima wajawazito kila siku, wenyewe tunazungushwa kizunguzungu tunasema ni uchovu.

Mlezi wa wazee, Uingereza

Salaam ndugu zangu, nafurahi kuona tumekumbukwa. Mimi nalea wazee majumbani, nazunguka na gari nyumba hadi nyumba, nusu saa hapa, dakika kumi na tano pale, chakula nakula kwenye gari. Kwenye nyumba za wazee nako familia zinaleta biskuti na chokoleti kila wiki zinakaa mezani, unapita unachukua moja, mpaka zamu ya masaa 12 inaisha umekula pakiti. Nimeongezeka uzito sana tangu nije, na baridi hii sina hamu ya kupika.

Mtoa mada

Pole sana na baridi. Kwa mtu wa gari mimi nashauri chupa ya chai ya kubana moto ile kubwa, weka supu ya dengu au maharage ya kopo uliyoyachemsha na karoti na mchicha wa barafu, huko mchicha wa barafu ni rahisi na virutubisho vyake viko vizuri tu. Kopo la samaki wa sadini na mkate wa ngano isiyokobolewa nao ni mlo, hauhitaji jiko. Pika mara moja siku ya ofu, gawa kwenye vikontena, gandisha, kila usiku unatoa kimoja. Kwa zile biskuti usishindane nazo ukiwa na njaa, hutashinda, pita pale mezani ukiwa umeshakula.

Kitu kingine kwako na kwa kila mtu wetu aliye huko kaskazini, vitamini D. Serikali ya Uingereza inashauri watu wazima wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku kipindi cha vuli na baridi, na wenye ngozi nyeusi kama sisi wafikirie mwaka mzima, kwa sababu ngozi yetu inahitaji jua zaidi kuitengeneza. Ukichanganya na naiti za kulala mchana, jua huko hulioni kabisa. Maumivu ya mifupa na uchovu yanaweza kuanzia hapo.

Nesi wa wilayani

Naona umeahidi habari za friji hujasema. Na mshahara je, hayo maparachichi tunayoambiwa tule na huo mtindi wako kila siku nani anaweza?

Mtoa mada

Nakuja huko. Friji ya wodi ni ya dawa na chanjo, inatakiwa ikae nyuzi 2 mpaka 8, mkiifungua kila saa kutoa chakula joto linapanda na chanjo za watoto zinaharibika, na chakula kikikaa na vitu vya wagonjwa ni hatari kwako. Hapana kabisa. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya masaa mawili, na wali ndo wa kuogopwa zaidi, kuna bakteria anaota kwenye wali uliopoa na sumu yake haifi hata ukipasha. Ukija na wali saa 1 jioni ukaula saa 9 usiku kutoka kwenye mkoba, huo tumbo kukusumbua sio ajabu. Kwahiyo kama hamna friji ya chakula, beba vitu ambavyo haviharibiki haraka, karanga, tunda zima lisilokatwa, uji wa moto kwenye chupa, na mahindi, kiazi kitamu au yai na ganda lake ulivyochemsha jioni hiyohiyo uvile mapema. Na mle chumba cha chai, sio kwenye meza ya chati, osha mikono kwa sabuni hata kama umepaka kile kitakasa mikono, vua aproni.

Unga wa lishe nao mnunue kwa mtu mnayemwamini au msage wenyewe, na karanga zilizoota ukungu zitupwe zote. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara kutokana na mahindi, na karanga zinaingia kundi hilohilo.

Kuhusu hela dada uko sahihi, na ndo maana sijaandika mlozi wala samaki wa bei. Parachichi kula msimu wake likiwa bei chini, likipanda liache. Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake ana kalsiamu na protini, na bei yake bado ni ya watu wetu. Maharage loweka usiku mmoja kabla, yanaiva haraka na mkaa au gesi inapungua, chemsha ya siku tatu uweke kwenye friji ya nyumbani. Matembele, kisamvu, majani ya maboga yako sokoni kila siku. Ukipiga hesabu soda moja na chipsi za kila naiti unazojinunulia kwa sababu hujabeba chakula, hiyo hela inatosha mboga na dagaa za nyumba nzima. Mchuzi tu usiweke vile viungo vya mchemraba viwili vitatu, chumvi yake ni nyingi na sisi watu wa presha inatakiwa chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai.

Mkunga mpya

Samahani kwa kuchelewa mama, mimi nna mimba ya miezi saba na bado niko kwenye roster ya naiti. Nikijifungua pia naogopa maziwa yatakata.

Mtoa mada

Mwanangu hongera sana. Ile sheria ya 2004 kifungu cha 20 inakataza mjamzito kufanya kazi usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya makadirio, na hata kabla ya hapo kama daktari ameandika cheti kwamba hali yako hairuhusu, na mama aliyejifungua naye hafanyi usiku kwa miezi miwili baada ya kujifungua. Miezi saba uko mlangoni kabisa, kesho asubuhi nenda kwa inchaji na kadi yako ya kliniki yenye tarehe, peleka barua, baki na nakala. Ukirudi kazini kifungu cha 33 kinakupa mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha ndani ya muda wa kazi.

Maziwa hayakati kwa sababu ya kazi, yanapungua pale yasipotolewa, kwahiyo ukiwa zamuni kamua kila baada ya masaa matatu hivi. Yaliyokamuliwa yanakaa mpaka masaa manne kwenye joto la kawaida lisilo kali, ukiwa Dar kwenye joto usifike huko, nunua kikasha kidogo chenye barafu. Kula mlo mmoja wa ziada kwa siku, uji wa ulezi wenye maziwa au karanga unafaa sana, kunywa maji kila ukikamua, na vidonge vya chuma na foliki ulivyopewa kliniki meza vyote, usivigawe kwa mtu. Ukikwama kwenye hiyo barua niandikie kwa ujumbe wa ndani nikusaidie kuiandika.